Shikamoo, Halafu Sita Bila

Kijana alikuwa na adabu zake. Alipomwona mtu mzima anainama kupita chini ya pazia la banda la gemu, aliinuka nusu kwenye benchi akasema, "Shikamoo mzee." Mwandishi wa makala haya aliitikia marahaba, akatoa shilingi mia tano, akakaa, akapewa pedi. Dakika kumi na mbili baadaye alikuwa amekula sita bila. Kijana alimpokea pedi kwa mikono miwili, vile mtu anavyompokea babu yake kikombe cha chai, akamwambia kwa huruma ya kweli, "Pole mzee. Leo hukuwa na bahati."

Moja bila ni bahati. Mbili bila unaweza kumsingizia mwamuzi, hata kama mwamuzi mwenyewe ni kompyuta. Sita bila ni habari nyingine, na lile bao la tano, ambalo kijana alilifunga huku kageuka kumwagiza mwenzake chapati, linahitaji neno ambalo Kiswahili bado hakijalitunga.

Banda lenyewe liko Tabata, katikati ya fundi cherehani na mama anayekaanga mihogo. Mabati, televisheni tatu, feni moja inayowapepea wanaosubiri badala ya wanaocheza, na ubao wenye maandishi ya chaki: ANAYEFUNGWA ANATOKA. MATUSI MARUFUKU. WANAFUNZI MWISHO SAA 12. Gemu yao bado wanaiita FIFA, ingawa kampuni ya EA iliachana na shirikisho hilo la mpira baada ya miaka thelathini hivi na tangu Septemba 2023 inaiuza kwa jina la EA Sports FC. Hakuna aliyejali. Sabuni ya unga ni Omo, na mpira wa kwenye televisheni ni FIFA.

Mwandishi si mwanafunzi. Ana miaka 43, watoto watatu na mkopo wa saccos. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kununua vocha. Siku hizi vocha hununuliwa kwa simu mtu akiwa kitandani, na mkewe analijua hilo, lakini ndoa ya miaka kumi na sita ina mambo ambayo wenyewe wameshakubaliana kutoyaulizia. Siku ukweli ulipojulikana (mtoto wa kati alimwona, na mtoto wa kati hana siri), mkewe hakugomba. Aliuliza swali moja tu.

"Hivi unalipa hela ili watoto wa watu wakufunge?"

Likiulizwa hivyo, halina jibu la haraka.

Usiku ule mwandishi alitafuta faraja kwa wasomi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, walichapisha uchunguzi wa wachezaji 3,305 wa gemu ya StarCraft 2, wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Walipima muda unaopita tangu mchezaji aone jambo jipya kwenye skrini mpaka afanye kitu. Wakagundua kwamba wepesi huo huanza kupungua mtu akiwa na miaka 24. Mwandishi alipokuwa na miaka 24 hakuwa hata na televisheni. Alikuwa na redio na godoro. Alipopata fedha ya kununua PlayStation, vidole vyake vilishaanza kustaafu miaka kadhaa nyuma bila kumpa taarifa. Watafiti walewale waliona pia kwamba wenye umri mkubwa huwa wanafidia, wanarahisisha mambo ili wasilazimike kukimbizana na kasi ya vijana. Mwandishi alirudi bandani akafidia kwa kupanga mabeki watano. Akafungwa nne. Ni maendeleo.

Na hayuko peke yake katika uzee huu wa vidole. Chama cha watengenezaji gemu wa Marekani, ESA, kilipotoa takwimu zake za mwaka 2024, wastani wa umri wa mchezaji nchini humo ulikuwa miaka 36. Umri wa kusimamia ujenzi na kukaa kwenye vikao vya ukoo. Japani yuko bibi, Hamako Mori, aliyezaliwa mwaka 1930, ambaye Guinness walimtambua mwaka 2020 kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote wanaoendesha chaneli ya gemu kwenye YouTube. Mwandishi alimwonyesha mkewe picha ya bibi huyo kashika pedi, uso umetulia, adui wanaanguka mbele yake kama mahindi.

"Huyo ana miaka tisini," mkewe akasema. "Ameshamaliza kulipa ada."

Ajabu ni kwamba swali la mkewe haliulizwi barazani. Mzee akikaa kwenye bao tangu alasiri mpaka taa zinawashwa, huitwa mtu wa busara. Mwalimu Nyerere alicheza bao na hakuna aliyemwambia akue. Lakini ukilitazama kwa jicho kavu, bao ni shughuli ya kushangaza: mashimo 32, kete 64, na watu wazima wawili wanaohangaika saa nzima kuzihamisha. Kama shida ni kete, si uzizoe kwa kiganja uzitie kikapuni? Mwanafalsafa Bernard Suits aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1978, The Grasshopper. Kucheza, kwa maelezo yake, ni kujitwisha kwa hiari vikwazo ambavyo hakuna aliyekulazimisha kuvibeba. Mcheza bao amekubali mwenyewe kwamba kete zitasambazwa shimo kwa shimo na kwamba shimo liitwalo nyumba lina masharti yake. Mcheza gemu amekubali mwenyewe kwamba adui hauawi kwa kuchomoa waya ukutani. Tofauti yao ni bili ya umeme.

Mwandishi aliambukizwa mapema. Katikati ya miaka ya 1990 mjomba wake alirudi kutoka Dubai na mashine ya kijivu, pedi mbili na kaseti ya manjano iliyoandikwa kwamba ndani yake mna gemu 9999. Ukizihesabu kwa uaminifu zilikuwa saba, zikibadilishwa majina kama mtu anayekwepa madeni. Adapta ilichemka kama pasi. Picha ikigoma, kaseti ilichomolewa, ikapulizwa kwa nguvu zote za mapafu, ikarudishwa, na picha ikaja. Watoto wa Tabata walipuliza, wa Osaka walipuliza, wa Chicago walipuliza, na hakuna aliyefundishwa na mwenzake. Nintendo wenyewe, ambao mashine zao ndizo zilizoigwa, walikuja kuonya kwamba pumzi hiyo inapeleka unyevu kwenye vyuma vya kaseti na kuvila taratibu. Kizazi kizima kilikuwa kinatibu mgonjwa kwa sumu, na mgonjwa anaamka.

Humo kasetini ndimo alimokutana na Contra, gemu ya Konami ambayo risasi moja inatosha kukumaliza na una roho tatu tu. Waliojua siri walibonyeza juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, wakapata roho thelathini. Siri hiyo ilizaliwa kabla ya Contra. Mwaka 1986 Kazuhisa Hashimoto alikuwa akiiandaa gemu ya Gradius kwa mashine ya nyumbani, akaiona ngumu mno, yeye mwenyewe aliyekuwa akiitengeneza. Akaiwekea mlango wa nyuma ili aweze kuijaribu mpaka mwisho, na gemu ikaenda sokoni mlango ukiwa wazi. Hashimoto alipofariki mwaka 2020, watu wenye mvi zao walimwandikia rambirambi za mishale mtandaoni: juu, juu, chini, chini. Mwandishi alizisoma akaguswa, kwa sababu hakuwa amewahi kufikiria kwamba hata fundi alikuwa anafungwa na kazi ya mikono yake.

Ipo gemu nyingine iliyomfanya alielewe hili vizuri zaidi. Tetris aliitunga Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, akiwa mwajiriwa wa kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Kisovieti, mtu mzima mwenye shughuli nyingine kabisa za kufanya. Na Tetris, ile unayoicheza mpaka mwisho wa uwezo wako, haina ushindi. Vipande vinashuka, unavipanga, vinaongeza kasi, unavipanga, vinaongeza tena, vinakuzidi, umekufa. Kila mtu aliyewahi kuicheza namna hiyo alishindwa. Kilichotofautiana ni saa ya kushindwa. Watu wazima waliukubali mpango huo bila malalamiko kwa miaka mingi. Toleo la Nintendo lilitoka mwaka 1989, na ilipofika tarehe 21 Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 wa Oklahoma aliifikisha hatua ya 157 katika dakika kama 38, na safari hii iliyozidiwa ni gemu yenyewe. Ikaganda. Mtangazaji mmoja wa televisheni ya Uingereza aliisoma habari hiyo kisha akamshauri mtoto atoke nje apunge hewa. Yumkini mtangazaji huyo naye alishawahi kufa hatua ya tisa.

Hapo ndipo mwandishi anapoliona jibu la swali la mkewe, ingawa hajathubutu kulisema mezani. Mtu mzima akikosea kazini huambiwa baada ya miezi sita, kwenye fomu ya tathmini, kwa maneno kama "aongeze jitihada". Akikosea kuchagua kiwanja atajua mvua za masika zikija. Akikosea kulea atajua baada ya miaka ishirini, na huenda akaambiwa mbele ya wageni. Bandani anajua baada ya sekunde tatu. Ulitoka na kipa bila sababu, umefungwa, kosa ni lako, mpira kati, anza tena. Jesper Juul, msomi wa gemu kutoka Denmark, aliandika kitabu kizima juu ya kitendawili hiki mwaka 2013: maishani tunakimbia kushindwa, kisha tunakwenda kutafuta, tena kwa fedha zetu, mahali ambapo kushindwa ni hakika. Shilingi mia tano kwa kosa lenye maelezo kamili na nafasi ya kulirekebisha papo hapo? Ofisini hamna bei hiyo.

Taabu ya gemu haianzi ndani ya gemu. Huanza pale inapogusana na dunia.

Chukua kikao cha kamati ya harusi. Mwandishi alikuwa mjumbe, na mweka hazina alikuwa akisoma orodha ya ahadi na malipo, jina baada ya jina, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Mwandishi alikuwa na simu chini ya meza, anapanga peremende za Candy Crush, sauti ameizima. Aliamini ameizima. Mweka hazina akafika kwa shemeji mmoja mwenye tumbo na heshima zake: ameahidi laki tano, amelipa elfu ishirini. Kimya kikatanda. Katikati ya kimya hicho simu ikanguruma, kwa Kiingereza, kwa lile besi zito la mtu aliyeshiba: "Delicious!"

Shemeji hakusema kitu. Alimaliza deni lake wiki hiyohiyo, jambo ambalo mwenyekiti alilisifu, lakini hadi leo wakikutana msibani anamsalimia mwandishi kwa kidole kimoja.

Mwandishi hujipoza kwa kukumbuka kwamba wakubwa wameyapitia. Desemba 2014 gazeti la The Sun lilichapisha picha za mbunge wa Uingereza akicheza Candy Crush kamati ya Bunge ikiwa katika mjadala wa pensheni. Mbunge alikiri kwamba huenda alicheza kidogo, akasema atajaribu asirudie. Neno "atajaribu" linaonyesha mtu mkweli.

Kisha liko suala la shamba, ambalo nyumbani halitajwi tena mbele ya wageni.

Mwandishi ana ekari mbili Mkuranga, urithi wa baba yake. Ana minazi kadhaa, mihogo, na kibanda ambacho mlango wake uliibwa. Mara ya mwisho kukanyaga huko hakumbuki vizuri ilikuwa mwaka gani. Wakati huohuo kwenye simu yake ana shamba jingine, la Stardew Valley, gemu iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, kwa zaidi ya miaka minne, kila kitu kwa mkono wake: michoro, muziki, hadithi, mpaka sauti ya kuku. Ilitoka mwaka 2016 na imeshauza nakala zaidi ya milioni 40. Ndani yake mhusika anachoka na kazi ya ofisini, anakwenda kuishi kwenye shamba alilorithi kwa babu yake, analikuta ni pori, analisafisha. Kila alfajiri anaamka, anamwagilia, anapalilia, anawasalimia majirani. Mwandishi alilisafisha pori lile lote. Alijenga banda la kuku. Alivuna boga kubwa kuliko nyumba. Aliwahi kuamka usiku kwa sababu alikumbuka hajawalisha ng'ombe, na alikuwa amemaliza kuwalisha kabla hajakumbuka kwamba ng'ombe wenyewe hawapo.

"Mkuranga nguruwe pori wanakula mihogo ya baba yako," mkewe alimwambia asubuhi moja, "wewe unamwagilia mchicha wa kwenye simu."

Si mchicha, mwandishi alitaka kusema, lakini aliona hoja haitamsaidia. Ukweli ni kwamba shamba la simu lina sifa moja ambayo la Mkuranga halitakuja kuwa nayo: ukipanda, inaota. Mvua ikinyesha, inanyesha siku iliyotangazwa. Hakuna mtu anayepiga simu kusema mpaka umesogezwa. Na katika gemu hiyo ikifika saa nane usiku mhusika huanguka palepale alipo kwa uchovu, akazimia. Mwandishi huzimia saa hiyohiyo, chali, simu mikononi juu ya uso. Simu yake ina gramu mia mbili na kidogo. Amekwenda kazini mara mbili akiwa na alama ya bluu juu ya pua, na mara zote mbili amesema ni mlango wa kabati.

Mwili nao una malalamiko yake, na madaktari wamekuwa wakiyaandika kwa muda mrefu. Mwaka 1990 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya daktari kuhusu mama wa miaka 35 aliyecheza Nintendo ya mwanawe kwa saa tano bila kupumzika, akaishia na maumivu makali ya kidole gumba. Daktari akayaita "nintendinitis". Mwaka 2007 jarida hilohilo likapata barua kutoka Barcelona: daktari wa miaka 29 kaamka bega la kulia linamuuma vikali, hakumbuki kuanguka wala kubeba mzigo, mpaka akakumbuka kwamba jana yake alicheza tenisi ya Wii kwa saa nyingi. Mgonjwa alikuwa mwandishi wa barua mwenyewe. Dawa ilikuwa ibuprofen wiki moja na kuacha kabisa kucheza Wii. Huyu angalau alisema ukweli.

Mwandishi hakusema. Kidole chake kilipovimba alikwenda hospitali, akakutana na daktari kijana mwenye miwani.

"Shikamoo. Kidole hiki mzee umekiumiza vipi?"

"Nilikuwa nafungua kopo la maziwa."

Daktari alikishika kidole, akakikunja, akakinyoosha, akatazama ukucha, kisha akauliza bila kuinua macho: "Kopo la PS4 au la PS5?"

Mazungumzo yaliyofuata yalichukua dakika ishirini na yalihusu zaidi namna ya kupiga kona. Kuhusu kidole, alishauri kipumzike wiki mbili, na kwamba pedi ya zamani ikishakuwa ngumu ibadilishwe.

Ushauri huo ulizaa balaa jingine. Mwandishi alimtumia ujumbe kijana wa bodaboda anayemfanyia shughuli ndogondogo: "Nipitie Kariakoo uniletee pedi mbili, ziwe orijino." Alasiri bodaboda alifika ofisini na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, juu yake mfuko mweusi, akamvuta mwandishi pembeni ya mapokezi na kunong'ona kama mtu anayeuza nyara za serikali: "Mzee, nimechukua zile zenye mabawa. Dada wa dukani kasema ndizo zinazokaa vizuri." Lugha yetu ni tajiri, lakini kuna vitu viwili ambavyo ingeweza kuvipa majina tofauti. Mkewe na bintiye walizipokea kwa shukrani. Ilikuwa zawadi ya kwanza ya mwandishi mwaka ule isiyohitaji kubadilishwa saizi.

Kutokana na matukio haya mwandishi aliona afadhali atafute utetezi wa kitaaluma. Akapata mmoja mzuri: mwaka 2007 uchunguzi wa madaktari 33 wa hospitali moja ya New York ulionyesha kwamba wale waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika mazoezi ya upasuaji wa tundu dogo, na walimaliza kwa kasi zaidi ya wenzao kwa asilimia 27. Aliisoma habari hiyo kwa sauti wakati wa chakula cha usiku.

"Wewe si daktari wa upasuaji," mkewe akasema, akampa kisu na kitunguu.

Akajaribu Oxford. Watafiti wa huko, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2021, hawakutegemea watu waseme wenyewe wanacheza saa ngapi, kwa sababu watu hudanganya, kama tulivyoona habari ya kopo la maziwa. Walichukua takwimu kwenye kompyuta za kampuni zenyewe, za wachezaji 3,274 wa gemu mbili. Waliocheza zaidi walijisikia vizuri kidogo zaidi. Kidogo tu, na wenyewe walionya kwamba haina maana gemu ndiyo iliyoleta raha. Mwaka uliofuata wakarudia kwa wachezaji karibu 39,000 wa gemu saba, na safari hii saa za kucheza hazikubadilisha hali ya mtu kwa kiasi cha kutajwa. Kilichoonekana kuwa na uzito ni sababu: anayecheza kwa kupenda yuko sawa, anayecheza kwa kujiona hana budi hayuko sawa sana.

Mkewe, ambaye naye ana simu na anajua kuitumia, alijibu kwa Shirika la Afya Duniani. Kwenye orodha yao mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, umo ugonjwa wa gemu, wenye dalili tatu: kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya shughuli nyingine, na kuendelea hata madhara yakiwa dhahiri, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Alizisoma polepole, moja moja, kama anayesoma orodha ya mahari. Mwandishi alikana mbili. Kwenye ya tatu aliomba ufafanuzi wa neno "madhara", akaonyeshwa pua yake.

Mambo yalikuwa hapo wakati baba mkwe alipokuja kutoka Tanga kufuatilia macho yake hospitali.

Baba mkwe ni mchezaji wa bao. Si mchezaji wa kujifurahisha. Ni mtu ambaye wazee wenzake humfuata nyumbani kumdai marudiano. Kwa miaka kumi na sita amemfunga mwandishi kila alipokwenda Tanga, na kila mara amefanya hivyo huku anamuuliza habari za kazi. Siku ya pili ya ziara yake alikaa sebuleni, miwani ya giza usoni, akamwangalia mkwewe anacheza mechi nzima. Hakutia neno. Ilipokwisha aliuliza:

"Hao wa upande wa pili wanachezwa na nani?"

"Kompyuta, baba."

"Inasema?"

"Haisemi."

"Inakasirika?"

"Haikasiriki, baba."

Mzee alitafakari kwa muda. "Sasa unapata raha gani kumfunga mtu asiyekasirika? Lete hicho kidude."

Hapa mwandishi alipata mtihani ambao hakuna kitabu cha wasomi kilichomwandaa nao. Kumfunga baba mkwe ni utovu wa adabu. Kumwachia ni utovu mkubwa zaidi, na mzee aliunusa mara moja: dakika ya kumi, beki wa mwandishi alipompisha mshambuliaji njia nyeupe, mzee alisimamisha kidole hewani akasema, "Mwanangu, mimi sikuachii kete moja. Usinichezee kitoto." Basi ikawa vita. Moja bila, tatu bila, nne moja. Lile moja mzee alilifunga kwa bahati, akibonyeza kila kitu kwa mpigo, na akalielezea kwa dakika sita: namna alivyomwona kipa amelala, namna alivyomvuta, namna mtu wa Dar asivyoweza kuona mambo kama hayo. Tambo zote za barazani zilihamia kwenye kochi. Mke wa mwandishi alipita mara mbili na beseni la nguo akajifanya haoni. Mara ya tatu alikaa kwenye mkono wa kochi, upande wa baba yake, akaanza kutoa maelekezo.

Saa tano na nusu usiku, mechi ya tisa au ya kumi, matokeo yalikuwa mbili moja. Mzee anaongoza. Macho yanamtoka machozi, na haikuwa rahisi kujua kama ni ya ugonjwa. Zimebaki dakika nne za mchezo, mwandishi ana mpira, anaingia eneo la hatari, anainua kidole gumba kilichopona nusu, na nyumba nzima ikawa giza.

Luku ilikuwa imeisha. Mita ilishalia tangu jioni na hakuna aliyesikia.

"Mbili moja," ilisema sauti ya mzee kutoka gizani.

"Baba, mechi haikuisha."

"Imekwisha pale ilipokwisha."

Mwandishi alitoa hoja kwamba kwa kanuni za mpira mchezo uliovunjika hurudiwa. Mzee alijibu kwamba kwenye bao mvua ikinyesha watu wanahesabu kete wakaenda kulala, na kwamba yeye hajaja Dar es Salaam kufundishwa kanuni na mtu anayetoka na kipa. Mkewe, aliyekuwa amekwenda kutafuta mshumaa, alisema kutoka jikoni kwamba yeye alishuhudia, ni mbili moja.

Asubuhi saa kumi na mbili mwandishi aliamshwa na mngurumo wa friji. Umeme ulikuwa umerudi. Baba mkwe, ambaye hajawahi kununua umeme katika nyumba ile wala kuulizwa, alikuwa amemwamsha mjukuu alfajiri, akampa elfu ishirini, akamwelekeza aingize namba kwenye mita. Alikuwa sebuleni na kanzu yake, chai haijaguswa, televisheni inawaka, pedi imo mapajani. Alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu.

"Umechelewa," akasema.